Kufunga levie ya gia baada ya kubadili bwati

Gari ikibadilishiwa bwati, yaani giaboksi, kila mtu anauliza habari za ambreyaji (klachi), za oili na za propela shafti. Levie, ule mkono wa gia ambao dereva anaushika kutwa nzima, unaachwa mwisho, jioni, mwenye gari akiwa ameshasimama mlangoni anadai funguo. Kazi nzuri inaharibikia hapo. Hapa Goma nimeona bwati nzima kabisa zikirudishwa kwa muuzaji kule mtaa wa Birere eti "zinatema gia", wakati ndani hazina kasoro yoyote. Levie ilikuwa inagonga bati la sakafu kabla gia haijaingia yote. Gia iliyoingia nusu inashikwa na ncha za meno tu, na dereva akiachilia pedali ya esanse (petroli), inaruka na kurudi huru. Bwati inalaumiwa bure, tena mtu ananunua nyingine na kuilipia mara ya pili.

Maelezo haya ni ya Toyota zenye levie inayosimama moja kwa moja juu ya bwati, kama Hilux na Prado. Za nyaya, kama Corolla, nitazigusa mwishoni.

Hatua ya 1: Pima bwati zikiwa bado chini

Laza bwati ya zamani na ile mpya sambamba juu ya gunia. Pima kutoka uso wa mbele, pale bwati inapokutana na injini, hadi katikati ya tundu la levie. Usiamini jina peke yake. Bwati za familia ya W, kwa mfano W55 na W58, Toyota alizifunga kwenye gari za aina mbalimbali, na sehemu ya nyuma inayobeba levie haifanani kwa zote. Tofauti ya sentimita mbili tatu unaweza kuimaliza kwa kukunja levie. Ikizidi hapo, tazama kwanza kama mkia (sehemu hiyo ya nyuma) wa bwati ya zamani unaingia kwenye ile mpya. Kukata sakafu kuwe chaguo la mwisho.

Kisha ingiza levie kwenye bwati mpya hapo hapo chini. Kijana mmoja azungushe shafti ya mbele kwa mkono, polepole, wewe ukipitisha gia zote moja moja. Shafti isipozunguka, meno yanaweza kukataa kukutana na utadhani gia haipo. Kila gia lazima ifike mwisho na isimame kwa kishindo kidogo unachokisikia kiganjani.

Sasa shika kipande cha kartoni pembeni ya levie, upige mstari mahali inaposimama ikiwa ya kwanza, ikiwa huru na ikiwa ya pili. Fanya hivyo pia kwa ya tatu na ya nne, kwa ya tano na rivasi. Andika jina la gia kwenye kila mstari, na uweke alama kwenye levie yenyewe pale ulipopimia. Kartoni hiyo itunze. Ndiyo shahidi wako baadaye.

Hatua ya 2: Fungua levie ya zamani

Weka gia huru. Zungusha kirungu, kile kichwa cha levie, kwenda kushoto kitoke. Ukitaka kingine, angalia nyuzi zake kwanza: Toyota za zamani nyingi ni milimita 8, za baadaye ni 12 zenye hatua ya 1.25. Ondoa raba za vumbi. Kabla ya kugusa kifuniko cha levie, osha sehemu yote ya juu ya bwati kwa mazutu (dizeli) na burashi, kisha kausha.

Kuosha huku siwezi kukuruhusu ukuruke. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya Nyiragongo, mlima wetu wa moto. Lava ilipita katikati ya mji Januari 2002, ikashuka tena Mei 2021, na vumbi jeusi tunalopumua barabarani ni mawe yale yale yaliyosagika. Tundu la levie liko wazi moja kwa moja juu ya selekta, kile kipande cha ndani kinachosukuma gia. Kijiko kimoja cha vumbi hilo kikidondoka ndani kinachanganyika na oili, kinaingia kwenye beringi na kuzisaga kila siku gari inapotembea.

Kwenye bwati nyingi za Hilux, kifuniko hakina bolti. Funika juu kwa kitambaa, kandamiza kwa nguvu kwenda chini na uzungushe kwenda kushoto, kitaachia. Levie ikitoka tu, ziba tundu kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

Hatua ya 3: Bushi ya plastiki

Levie ina fundo la duara katikati na ncha chini. Fundo linakaa kwenye kikombe cha plastiki, na mara nyingi ncha nayo imevishwa bushi ndogo. Vitu hivi vya bei ndogo ndivyo vinavyofanya dereva aseme "fundi, gia zimelegea, natafuta ya tatu siipati". Kwa miaka mingi plastiki inakauka, inapasuka, mwisho inadondoka vipande vipande ndani ya oili. Ukikuta ncha ya chuma tupu, mwaga oili yote uvitafute vipande hivyo.

Wako wanaojaza nafasi hiyo kwa mpira wa chemba ya tairi. Usifanye. Mpira ule unalainishwa na oili, unavimba, na baada ya muda mfupi levie inakwama upande mmoja. Bushi mpya isipopatikana, mpelekee fundi wa kukereza kipande cha nailoni ngumu pamoja na levie yenyewe. Akukerezee itakayoingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikihitaji nyundo, imebana mno.

Baadhi ya bwati zina pini mbili pembeni, chini kidogo ya kifuniko, zenye springi ndani. Hizo ndizo zinazorudisha levie katikati. Ukizifungua, weka alama ya kushoto na ya kulia kabla hazijachanganyika, maana springi zake zinaweza kuwa na nguvu tofauti.

Paka grisi kwenye fundo na kwenye ncha. Kiasi cha kufunika chuma kinatosha.

Hatua ya 4: Kaza bwati, ndipo uhukumu sakafu

Pandisha bwati, funga bolti zote za injini, funga daraja linalobeba mkia, kaza na mauntini, ile raba inayoshikilia bwati. Bwati iliyoshikiliwa na jeki haikai mahali itakapokaa safarini, na ukikata sakafu wakati huo utakata pabaya. Mauntini iliyochanika ibadilishe sasa.

Ingiza levie kutoka juu, hakikisha ncha imekaa kwenye selekta, kandamiza kifuniko na ukizungushe kulia hadi kijifunge. Kivute juu ukijaribu. Kisiponyanyuka, kiko sawa.

Tundu la sakafu likiwa pembeni kidogo, kunja levie kwanza. Vua plastiki zote kabla ya kuitia moto, na kunja juu ya fundo tu. Ncha usiitie moto wala usiichomelee, chuma chake kitalainika na kuliwa. Ukikaa kwenye kiti cha dereva, kirungu kisiguse dashibodi ikiwa ya tatu, wala kiti ikiwa ya nne. Gari zetu nyingine zina usukani kulia, nyingine kushoto, na levie hukunjwa kumwelekea dereva. Mpangilio wa gia haugeuki: ya kwanza inabaki kushoto, mbele.

Ikibidi kukata, toa waya wa betri, ondoa zulia, lala chini ya gari uangalie bomba la breki, bomba la esanse na nyaya. Chora kwa chaki kutokea chini. Kata kidogo kidogo, piga tupa kingo, paka rangi.

Hatua ya 5: Jaribio la sabuni na kartoni

Paka povu zito la sabuni kuzunguka levie pale inapopita kwenye sakafu. Injini ikiwa imezimwa, pitisha gia zote huku gurudumu la nyuma lililoinuliwa likizungushwa kwa mkono, bwati ya kaka-kaka (4x4), kama ipo, ikiwa kwenye gia yake na si huru. Kisha tazama kingo za bati kwa tochi. Ukiona alama nyeupe kwenye bati, hapo panagusa, hata kama mkono wako haukusikia kitu.

Leta sasa ile kartoni. Pimia kwenye alama ile ile uliyoiweka kwenye levie. Ya kwanza inafika kwenye mstari wake? Ya pili je? Ikipungua hata milimita chache, kuna kinachoizuia: bati, zulia au raba iliyokunjamana. Endelea kutafuta hadi mistari ilingane.

Acha pia upana wa kidole kila upande. Injini hutikisika kushoto na kulia dereva anapokanyaga esanse, na levie inatikisika nayo.

Hatua ya 6: Raba mbili

Ya ndani inafunika kifuniko cha levie, ya nje inafunga tundu la sakafu. Zote mbili zinahitajika. Vijana wanapenda kuacha ya ndani kwa sababu haionekani, na ndiyo inayozuia vumbi kuingia kwenye bwati.

Za nyaya, na zilizokuwa otomatiki

Corolla ina nyaya mbili: mmoja wa mbele na nyuma, mwingine wa kushoto na kulia. Zipitishe mbali na egzosi, usizikunje kwa kona kali. Weka bwati huru na levie katikati. Kichwa cha waya kinapaswa kuingia kwenye pini yake bila kulazimishwa. Kama hakilingani, rekebisha waya, usivute levie ili kukifikisha. Rudisha klipu zote, maana waya uliochomoka kwenye pini unamwacha dereva njiani na gia moja.

Gari iliyokuwa otomatiki haitawaka mpaka uunganishe nyaya za swichi ya P na N, zile zinazoruhusu stata. Ukishaziunganisha, stata itafanya kazi hata gari ikiwa kwenye gia, kwa hiyo funga swichi kwenye pedali ya ambreyaji. Nyaya za taa ya rivasi zihamishie kwenye swichi ya rivasi iliyo kwenye bwati mpya.

Barabarani

Panda barabara ya kuelekea Kibati, kanyaga esanse katika kila gia, kisha wakati wa kushuka achilia esanse ghafla ukiwa ya pili na ya tatu, mkono ukiwa mbali na kirungu. Gia isiruke. Mtu mmoja asimame nyuma ya gari aone taa ya rivasi. Mwambie mwenye gari arudi baada ya wiki moja ukaze bolti za mauntini na uangalie kama oili inavuja kwenye shingo ya levie.