Aliyezidisha dawa za usingizi: linda pumzi kwanza

Wengi huzidisha bila kukusudia. Mzee anameza diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, usingizi unachelewa, anaongeza kidonge. Kesho yake hivyo hivyo. Dawa hii hukaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa hiyo kidonge cha leo kinakikuta cha jana bado kinafanya kazi. Akichanganya na pombe, unga (heroini) au mofini, dawa kali ya maumivu, pumzi huweza kupungua mpaka ikakatika.

Kinachowadanganya watu wa nyumbani ni mkoromo. "Mwacheni alale," wanasema. Lakini mtu anayekoroma na haamshiki, ulimi wake umelegea na unaziba njia ya hewa. Mwite jina kwa nguvu, mtikise, mfinye msuli wa bega. Haamki? Hiyo ni dharura, hata kama pumzi zinaonekana za kawaida. Itisha gari, kisha hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika 1 nzima: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee kuona ubluu usoni. Funua mdomo wa chini utazame ndani, tazama na kucha.

Mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimerudi nyuma kidogo, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke. Usimpe maziwa wala kumtapisha, maana vinaweza kuingia mapafuni. Kahawa na maji baridi havitoi dawa mwilini. Asipopumua, mgeuze chali, kandamiza katikati ya kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi. Mkienda hospitalini, beba pakiti zote za dawa.

Hospitalini kazi kubwa ni ileile: kumpa oksijeni, kumsaidia kupumua kwa mfuko wa kusukuma hewa au mashine, kumpima sukari. Akishukiwa kutumia unga au mofini, atachomwa naloksoni, dawa inayozipinga hizo mbili. Aliyezidisha fenobabitoni, dawa ya kifafa inayoleta usingizi, huenda akapewa mkaa wa tiba, unaonasa dawa tumboni, kwa kurudiarudia, njia ya hewa ikiwa imelindwa. Hali ikiwa mbaya, huchujwa damu kwa mashine. Dawa iitwayo flumazenili hupinga diazepamu, ila madaktari huitumia kwa hadhari kubwa: aliyezoea vidonge hivyo kwa muda mrefu anaweza kupata degedege. Tena nguvu ya flumazenili huisha baada ya saa 1 hivi wakati diazepamu bado imo, ndiyo maana mgonjwa aliyeamka na kuomba kwenda nyumbani hubakizwa wodini.

Kama alimeza kwa kukusudia, asiachwe peke yake na asigombezwe. Aonane na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa, na vidonge vilivyobaki viondolewe nyumbani kabla hajarudi.