Kabla Hujanunua Kiwanja Kando ya Sabaki

Sabaki ni mto wetu wa Malindi, pwani ya Kenya. Nenda ukautazame zaidi ya mara moja. Ukienda Februari peke yake utadanganyika, maana Februari kila kiwanja kando ya Sabaki ni kizuri. Kaskazi inavuma, maji yamekonda, mchanga umejianika pande zote, watu wanavuka na viatu mkononi, na dalali anakunyooshea kidole mbali kule: "Mto ule pale, bwana, hauna shida na wewe." Rudi Mei, masika yakiwa yamekolea. Rudi tena Novemba. Kama huwezi kusubiri msimu mmoja wa mvua, pesa zako zikae benki kwanza.

Karatasi unazijua. Hakiki jina la mwenye ardhi kwenye ofisi ya ardhi, chukua ramani, pata idhini ya bodi ya ardhi kama ni shamba, na usitoe hata shilingi ya kushikia kabla ya hayo. Kisha uliza nani anaishi pale. Pwani hii kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mwenye hati na mwenye kaburi la babu yake, na wasiwe mtu mmoja.

Kipimo cha mto ndicho kilichotuumiza sisi, kwa hiyo hapa nitakaa.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilieleza ukanda wa mto hivi: usipungue mita 6, au uwe sawa na upana wa mto wenyewe, mwisho mita 30 kila upande, na kipimo kianzie juu ya ukingo. Ukisikia mita 30 moyo unatulia. Lakini uliza, ukingo upi? Sabaki ina kingo mbili. Kuna wa ndani, kigema kifupi ambacho maji ya kiangazi hukichonga kwenye mchanga. Na kuna wa nje, mbali, mara nyingi umefunikwa na mahindi na migomba hata huuoni, ambao mto huufikia ukijaa kwelikweli. Saveya akipima kutoka wa ndani, bikoni zako, zile alama za mipaka, zitakaa sawa kwenye ramani na nyumba yako itakuwa ndani ya mto.

Sisi tulipimiwa kutoka wa ndani.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2022, katikati ya ukame ule ulioendelea mpaka misimu mitano ya mvua ikakosekana mfululizo. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amestaafu upishi wa hotelini Malindi na kiinua mgongo chake kilikuwa mkononi. Alitaka mahali pa kufuga mbuzi na kupanda mchicha, karibu na maji. Mimi ndiye niliyemtafutia. Mimi ndiye niliyesema pale ng'ambo ya daraja ni pazuri, bei ni ya chini, na mto uko mbali. Ulikuwa mbali kweli siku ile. Nilihesabu hatua zangu mwenyewe kutoka bikoni mpaka majini, zikapita mia.

Jirani wa kiwanja alikuwa bibi mmoja aliyelima kunde pale chini. Wote walimwita Hawe, yaani nyanya kwa Kigiriama, nasi tukamwita hivyo. Alikuja tukiwa tunapima, akasimama na jembe lake, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo mto unapolala. Saa hii umetoka tu." Nikamwambia ahsante Hawe, tumepima. Akaninyooshea mkwaju uliokuwa kwenye kona ya kiwanja. Kwenye panda la mti, juu ya kichwa changu, palikuwa na fungu la majani makavu lililoshikamana na kipande cha neti na chupa ya plastiki. Nilidhani ni kiota cha ndege. Sikuuliza ndege gani anayejenga kwa chupa.

Nyumba ilikwisha Agosti 2023. Vyumba viwili na sebule, kuta za mawe ya matumbawe, mabati, baraza ya kuangalia mto. Msingi ulikuwa mawe matatu kwenda juu kwa sababu fundi alisema udongo ni mzuri. Udongo ulikuwa mchanga, na mchanga ule uliletwa na mto.

Novemba ikaja na mvua za El Niño. Lakini siku ile maji yalipofika kwa dada, Malindi jua lilikuwa linawaka tangu asubuhi, watu wameanika nguo. Hilo ndilo watu wengi hawalijui, na nitalirudia chini. Jioni dada aliona mto umebadilika rangi, mzito kama chai ya maziwa, umebeba magogo na povu. Haukupiga kelele. Ulikuwa unapanda tu, kiasi cha kidole, kisha kidole kingine. Ilikuwa siku za bamvua, bahari nayo imejaa, na maji ya mto yalipofika kwenye mlango wa mto, pale yanapoingia baharini, yakakuta mlango umefungwa. Yakarudi nyuma na kutanuka kwenye mashamba.

Saa nne usiku dada alinipigia simu. "Maji yako kwenye ngazi." Saa sita yalikuwa dirishani. Waliokolewa na vijana wa kijijini waliokuja na mtumbwi wa kuvulia, wakiwaita kwa majina gizani. Mimi nilifika alfajiri na sikuweza kupita.

Tulirudi ndani baada ya siku sita. Tope lilikuwa la magotini, laini, linanuka kama samaki na dizeli. Chini ya kitanda palikuwa na kambare aliyekufa. Ukuta wa upande wa mto ulikuwa umelala wote kwa pamoja, haukubomoka jiwe moja moja, kwa sababu mchanga chini yake ulikuwa umekwenda. Mbuzi watatu tuliwakuta na kamba zao shingoni. Shemeji alizikata kamba zile kwa kisu cha jikoni, akazikunja, akaziweka mfukoni. Mpaka leo hajanilaumu kwa neno hata moja.

Kwa hiyo, kabla hujamwita saveya, muite mzee wa pale. Mtu aliyezaliwa pale, siyo aliyehamia. Muulize mwaka wa 1961 maji yalifika wapi, kama anakumbuka au alisimuliwa. Muulize 1997, muulize 2018, muulize 2023. Akuonyeshe kwa mguu, usikubali akuonyeshe kwa kidole. Wewe mwenyewe tazama miti: takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye shina la mnazi, mizizi iliyovuliwa udongo upande mmoja. Tazama kuta za majirani, doa la maji haliondoki kwa chokaa. Na kama kijiji kizima kimejenga juu kule kwenye mwinuko na huku chini pana shamba tupu lenye mandhari nzuri, jiulize kwa nini wenyeji hawakuyataka mandhari hayo.

Halafu ujue maji yanatoka wapi. Mto huu ni mmoja wenye majina matatu. Juu kule unaitwa Athi, umeanzia nyanda za juu za karibu na Nairobi, umepokea Mto Nairobi pamoja na takataka zake, umepita Machakos na Makueni. Ukikutana na Mto Tsavo, unaoleta maji ya upande wa Kilimanjaro, unaitwa Galana. Kwetu ndio Sabaki. Baada ya Tana ndio mto mrefu zaidi Kenya. Sasa mvua ikimwagika Nairobi na Ukambani, maji yale yanateremka siku kadhaa kabla ya kukufikia, na yanaweza kukufikia huku kwako hakuna wingu. Usitazame mbingu ya Malindi. Sikiliza redio, ukisikia barabara za Nairobi zimefurika na madaraja ya Machakos yamefungwa, anza kupanga mizigo. Piga simu kwa jamaa wa Garashi au Lango Baya, wao maji huwapitia kabla yako.

Idara ya utabiri wa hali ya hewa nayo isikilize mapema. Vuli kubwa za 1997, 2019 na 2023 zote zilikuja wakati Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, na dalili hiyo huonekana kabla ya msimu. Ukisikia inatajwa Septemba, usianze kumwaga msingi Oktoba.

Ukame usikufanye uusahau mto. Watu hudhani ukame na mafuriko ni maadui, kumbe ni ndugu. Kiangazi kikikaa, mifugo inamaliza nyasi, watu wanakata miti ya makaa, ardhi inabaki uchi na kukazana kama sakafu. Mvua ya kwanza haizami, inateleza yote mpaka mtoni na udongo wote inaubeba. Ndio udongo huo unaoifanya bahari ya Malindi iwe nyekundu na fukwe zetu zitanuke mwaka hadi mwaka. Tena ukame ndio unaowateremsha watu: kisima cha juu kimekauka, unashuka na pampu kulima karibu na maji, unajenga kibanda cha kulalia, kibanda kinakuwa nyumba. Mvua inakukuta hapo. Bei za viwanja vya chini huwa tamu zaidi ukame ukiwa mkali, na nadhani sasa unajua sababu.

Maji ya kunywa yapange kwa misimu yote miwili. Karibu na mlango wa mto, kisima cha kiangazi huweza kuingia chumvi. Onja mwenyewe Machi, usionjeshwe Juni. Na usitegemee bomba wakati wa mafuriko. Maji ya Malindi yanatoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto huohuo, kwa hiyo gharika ikigusa visima au nguzo za umeme za kule, mji unakauka huku maji yamejaa kila mahali. Nunua tangi, liweke juu ya jukwaa, na lifunge. Tangi tupu linaelea na kuondoka.

Ukiamua kujenga licha ya yote, inua. Inua sakafu kupita mstari wa maji ya 2023, na uchimbe msingi mpaka udongo mgumu hata fundi akilalamika. Choo kiwe mwinuko, mbali na kisima. Soketi za umeme ziwe juu. Nyumba ya kudumu ipitishie mipango yake kwa kaunti, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji waje wakuonyeshe ukanda wa mto kwa macho yao. Ukipata jibu usilolipenda, lichukue hivyohivyo.

Usimwage kifusi kuuinua uwanja mzima. Maji uliyoyafukuza yanaingia kwa jirani, na jirani huyo ndiye utakayemwomba mtumbwi. Usizibe mkondo wa mvua kwa ukuta, hata kama miaka mitatu hujaona tone ndani yake. Mjini Malindi kwenyewe, mbali na mto, kuna mitaa inayolala majini kila masika kwa sababu tu vidimbwi vya zamani vimejengewa na mitaro imejaa mifuko. Wachimba mchanga wakija kukuombea njia kwenye kiwanja chako, kataa. Wakichimba gema, mto unahamia kwako. Na mikoko ya mlango wa mto usiikate boriti.

Hati, vitambulisho, vyeti vya watoto, vitie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, uning'inie karibu na mlango. Piga picha zake, mtumie ndugu aliye mbali. Hati ya shemeji tuliikuta, lakini wino ulikuwa umeondoka.

Ijue njia ya kupanda juu, uipite usiku angalau mara moja na watoto wakiwepo. Kubaliana na majirani nani anabeba mzee gani. Namba ya Msalaba Mwekundu ni 1199, iandike ukutani, simu huzima. Maji yakiingia barabarani usivuke kwa bodaboda hata dereva akiapa ameshavuka asubuhi. Asubuhi si sasa. Usivuke kwa miguu pia, viboko na mamba hutoka mtoni pamoja na maji na hukaa kwenye mashamba yaliyofurika, mahali ambapo jana ulikuwa unapalilia. Yakipungua usikimbilie kurudi. Gonga kuta kwanza. Toa godoro, usilale juu yake hata likikauka. Maji ya kisima yachemshe, kipindupindu hufuata mafuriko. Watoto wasicheze kwenye tope, lina misumari na vioo vya nyumba za watu wa mbali. Weka unga na kiberiti mahali pa juu. Chaji simu mapema. Usingoje maji yafike kwenye ngazi ndipo umpigie kaka yako. Na mbuzi wafungulie kamba kabla giza halijaingia.