Somo: Tembelea bustani za wenzako kabla hujanunua mbegu

Wadau, picha za bustani mtandaoni ni nzuri, ila hazikuoneshi maji yanatoka wapi. Toka ukaone.

Hatua ya 1: Chagua wa kufanana nawe. Kama una kiuwanja kidogo Sinza, matuta marefu ya bondeni yatakupa hamu tu. Tafuta anayepanda mboga kwenye magunia, ndoo mbovu au matairi.

Hatua ya 2: Nenda alfajiri, watu wakiwa wanamwagilia na kufunga mafungu ya mchicha. Salimia, nunua mboga, ndipo uulize. Anayepiga picha kwanza huwa anajibiwa kwa mkato.

Hatua ya 3: Chungulia ndani ya gunia. Hapa msiharakishe. Magunia ya sukuma wiki yaliyoenea Kibera, Nairobi, yana nguzo ya kokoto katikati. Wanachukua kopo la bati lililotolewa kitako, wanalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto, kisha wanazungushia udongo wenye samadi. Kopo linavutwa juu, kokoto zinabaki, wanarudia mpaka gunia lijae. Maji ukimimina juu yanashukia kwenye kokoto na kufika chini. Pasipo nguzo hiyo, miche ya juu inalowa na ya chini, iliyopandwa kwenye matundu ya ubavuni mwa gunia, inakauka. Omba uone likijazwa, maana kusimuliwa hakutoshi.

Hatua ya 4: Uliza maji na udongo. Mboga za kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, zinaweza kuvutia macho, lakini mto huo unapokea taka za viwandani na majumbani. Iga mpangilio wa matuta, maji tafuta mengine.

Hatua ya 5: Rudi masika. Kiangazi kila mwenye bomba ni bingwa. Masika mabonde yanajaa, mchicha unapigwa na mvua na kuoza, na bei sokoni inapanda. Aliyeinua matuta yake utamjua siku hiyo.

MASWALI

Mdau wa Dodoma: Mkuu, huku maji ni ya mgao. Nitaweza?
Jibu: Anza na gunia moja. Tumia maji ya kuoshea mchele na mboga, na funika udongo kwa nyasi kavu. Maji ya sabuni ya unga usimwagie mboga za majani.

Mama wa Mbagala: Je, si aibu kuomba mbegu?
Jibu: Mbegu nunua. Ila marando ya matembele omba bila wasiwasi, wenyewe huyapunguza na kuyatupa. Kata yenye vifundo kadhaa, fukia viwili au vitatu, mwagilia.

Kijana wa Kibaha: Maonesho ya wakulima ya Nane Nane Morogoro yanatosha?
Jibu: Nenda, vipando vya mfano vinafundisha. Ila vile vimeandaliwa kwa maonesho. Mtafute anayevimwagilia, sio mwenye kipaza sauti, umuulize kwa siku anabeba ndoo ngapi.