Kuhamisha akwaria ya matumbawe kwenda tanki kubwa bila kuua kitu

Kila mtu anauliza abakize maji ya zamani kiasi gani ili asianze upya, lakini maji siyo ishu kabisa. Bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, kuwa naitraiti halafu naitreti wanakaa kwenye mawe, kwenye mchanga na kwenye sponji ya filta, ndani ya maji wenyewe wako wachache mno. Ukihamisha mawe yakiwa mabichi, yaani bado yamelowa, umeihamisha akwaria yako. Kinachoua samaki siku ya kuhama mara nyingi ni mchanga wa zamani, nitaufikia.

Tuseme unatoka lita 120 unaenda 300. Kwanza stendi, iweke mahali pake pa kudumu na uipime kwa pimamaji pande zote, maana lita 300 za maji ya chumvi ni kama kilo 307 peke yake, weka kioo na mawe juu yake unapita 400 na hapo haisogezwi tena. Jaza tanki jipya maji ya bomba, liache siku mbili hivi uone kama silikoni inavuja, kisha mwaga. Kusafisha ni kitambaa na siki basi, sabuni marufuku.

Maji mapya yaandae siku moja kabla. Mawe yanakula nafasi kwa hiyo utahitaji kama lita 250, ukichukua 80 za zamani zimebaki 170, changanya 200 upate na akiba. Chumvi ya akwaria inaenda karibu gramu 36 kwa lita, yaani kilo 7 na kitu, kwenye maji ya RO (yaliyochujwa kwa utando hadi karibu kila kitu kitoke), ndani ya pipa safi lenye pampu na hita, yazunguke usiku kucha. Asubuhi pima joto liwe 25 au 26, na refraktomita, kile kipimo cha chumvi, isome 1.025, ila kama tanki lako la zamani linasoma 1.023 basi tengeneza 1.023, utapandisha taratibu baadaye, samaki hajui chati inasemaje. Alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe, nayo linganisha na ya tanki la zamani, matumbawe magumu hayapendi iruke ghafla.

Wa pwani mnaochota baharini sawa tu, ila chota maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na siyo baada ya mvua. Kwa Dar pale daraja la Selander Msimbazi unapomwagia, achana napo.

Sasa mchanga. Mchanga uliokaa mwaka na zaidi umebeba mavi na chakula kilichooza, na chini kabisa ambako oksijeni haifiki kunakuwa na gesi ile ya mayai viza, ukiuchimba na kuumwaga kwenye tanki jipya amonia inapanda usiku huohuo. Mimi nasema nunua mpya, uoshe mpaka maji yatoke safi kabisa. Kama roho inakuuma sana chukua kikombe kimoja cha juujuu, ukisuuze kwa maji ya chumvi, ukitawanye kwa ajili ya wadudu wadogo wanaoishi mchangani.

Siku yenyewe anza asubuhi, umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri tayari. Vuta kwanza zile lita 80 juu zikiwa bado safi, gawa kwenye ndoo. Toa matumbawe, halafu mawe, kila kundi na ndoo yake yenye pampu na joto. Sponji zilizoota kwenye mawe zisipigwe na hewa, zihamishe ndani ya maji. Vaa glavu na miwani, maana zoanthidi wengine, jamaa wa matumbawe wanaoota juu ya mawe, wana sumu ya palitoksini na siyo mchezo, na usije ukachemsha jiwe lenye hao, mvuke wake umeshalaza watu hospitali. Samaki wavue mwisho, mawe yakishatoka na maji yamebaki kina cha kiganja, ukianza kuwafukuza mawe yakiwa ndani utawachosha na kuvunja matawi.

Kwenye tanki jipya mawe yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga ufuate, la sivyo kamba wachimbaji watayaangusha. Mimina maji juu ya sahani yasitifue. Hita iwashe ikishazama. Maji yakizunguka na joto likilingana rudisha matumbawe, samaki mwisho kabisa, ukiwadondoshea maji mapya kwenye ndoo kidogokidogo. Ukungu wa mchanga utakaa siku moja mbili, usihangaike nao.

Taa mpya kama ina nguvu kuliko ya zamani anza nusu, upandishe kwa wiki tatu nne, matumbawe yanaungua na kuwa meupe haraka kuliko unavyodhani. Wiki ya kwanza pima amonia kila siku, lisha kidogo. Ikionekana, badilisha maji kwa ile akiba na weka bakteria wa chupa.

Nafasi iliyobaki tupu itakushawishi. Usiongeze samaki mwezi wa kwanza, na mawe ya kuongeza yawe makavu, maana jiwe bichi kutoka baharini linakuja na viumbe vitakavyofia humo. Na kuvunja tumbawe ufukweni usithubutu, magumu yote yako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini.