Somo: Kumfungulia paka mlango bila kukosana na jirani

Wengi mmeuliza kuhusu paka anayelia mlangoni kutwa nzima akitaka kutoka. Kumtoa ni rahisi. Shughuli iko upande wa pili wa ukuta, maana paka hajui mpaka wa kiwanja na jirani yako anaujua vizuri mno. Hapa naandikia nyumba za kawaida za Dar: uani kuna kamba ya nguo, tuta moja au mawili ya mchicha, na ukuta au michongoma mnayochangia. Lamu au Mji Mkongwe paka ni wa mtaa mzima na hakuna anayeuliza mwenyewe ni nani. Tabata na Mbezi watauliza, na watakuja kugonga geti.

Jirani halazimiki kumpenda paka wako. Kinachomuudhi kwa kawaida ni mavi kwenye mboga, vifaranga kupotea na makelele ya usiku. Yote matatu unaweza kuyazuia ukiwa kwako.

Hatua ya 1: Kuhasi na chanjo

Paka asiyehasiwa asitoke, na hapa sina mjadala. Dume mzima huzurura mbali, hupigana na mashume wa mtaani na hukojolea milango ya watu. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, na baada ya siku 63 hadi 65 una watoto wa kugawa. Muone daktari wa mifugo kabla hajafika umri huo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi mitatu. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako, hasa inapokaribia 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, maana kampeni nyingi za chanjo huangukia hapo. Kadi yake itunze mahali unapoifikia haraka. Siku akimparura mtoto wa jirani, kadi hiyo itapunguza hasira kuliko maneno yako yote. Hata hivyo kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Mkanda wa shingoni

Mvalishe mkanda wenye rangi kali, unaofunguka wenyewe ukinasa kwenye seng'enge au tawi. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Kamba ya katani usithubutu, itamnyonga. Weka njuga ndogo, ndege wamsikie mapema, na andika namba yako ya simu kwa wino usiofutika. Paka mwenye mkanda anajulikana ana mwenyewe, na mtu hufikiri mara mbili kabla ya kuokota jiwe.

Hatua ya 3: Mchimbie choo kwako

Wengi huiruka hatua hii, na ugomvi mwingi unaanzia hapa. Paka hutafuta udongo laini na mkavu. Kama kwako umesakafia uani kote, udongo laini wa karibu ni tuta la jirani alilolipalilia jana.

Chagua kona yenye kivuli na isiyo na pitapita, nyuma ya tenki la maji kwa mfano, mbali na bakuli lake la chakula. Chimba shimo la mraba, nusu mita kila upande, kina cha sentimita 30. Jaza mchanga wa kujengea uliochekechwa. Chukua mavi yake kidogo kutoka kwenye beseni lake la ndani, yafukie juujuu katika ule mchanga, kisha mpeleke pale asubuhi na baada ya kula. Akishaanza kuparua na kunusa, mwachie nafasi, usimsimamie kichwani. Zoa kila siku bila kukosa. Choo kikichafuka atahama, na unajua atahamia wapi. Mvua za masika zikianza kiwekee kipande cha bati juu, kwa sababu mchanga uliolowa hataukanyaga.

Hatua ya 4: Piga hodi kabla hajatoka

Nenda jioni, bila paka mkononi. Maneno machache yanatosha: "Shikamoo mama. Nina paka, wiki ijayo naanza kumtoa nje. Akiharibu kitu niambie mimi, nitashughulikia." Acha namba ya simu. Akisema hapendi paka, usimwelimishe. Muulize tu kinachomsumbua zaidi.

Akitaja bustani, mpelekee kipande cha wavu wa kuku na msaidie kuulaza juu ya tuta lililosiwa. Mchicha utachomoza kwenye matundu na paka atakosa pa kuparua. Maganda ya machungwa ambayo watu huyasifia hukauka kwa jua letu upesi sana, mimi siyategemei. Akitaja gari, kubali kwamba nyayo za matope kwenye boneti zinakera kweli.

Kwa mjumbe usianzie huko. Ukitangulia kwa mjumbe, umeshatangaza kesi.

Hatua ya 5: Siku ya kutoka

Kwa siku kadhaa kabla, gonga kijiko kwenye bakuli kila unapompa chakula. Siku yenyewe mtoe akiwa na njaa, asubuhi kumetulia, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Baada ya dakika chache gonga bakuli, mpe dagaa, funga mlango. Kesho mwongezee muda. Usimbebe kumtoa, atoke kwa miguu yake, apate kuijua njia ya kurudi.

Hatua ya 6: Magharibi ndani

Chakula kikuu mpe magharibi, ndani, kisha funga. Mapigano, magari na mawindo mengi ni ya jioni, usiku na alfajiri.

---

MASWALI YA WANACHAMA

Mbagala: Jirani anasema paka wangu kala vifaranga wake watatu, anataka nilipe bei ya kuku wakubwa. Sikuona mwenyewe. Nifanyeje?

Mpe pole kwanza, ubishi baadaye. Kisha muulize kwa upole nani aliona. Dar kunguru hunyakua vifaranga mchana kweupe, na nguchiro naye yumo. Kama kuna aliyemuona paka wako, lipa bei ya kifaranga sokoni na uongeze kidogo. Bei ya kuku mkubwa ikatae, kwa kucheka kama inawezekana. Tenga pia hela ya wavu mdogo wa banda lake, maana paka aliyewahi kuonja kifaranga atarudi.

Tanga: Shikamoo mwalimu. Jirani ni mjamzito, ameambiwa paka ataharibu mimba. Hataki hata amuone dirishani.

Marahaba. Hofu yake ina msingi, ila imelenga pasipo. Kuna kimelea kinaitwa toksoplazima kinachotoka kwenye mavi ya paka, wala hakirukii mtu kutoka dirishani. Mavi mabichi yanahitaji siku moja hadi tano ndipo yaweze kuambukiza, na ndiyo sababu nasisitiza kuzoa kila siku. Yeye avae glavu akilima, aoshe mchicha vizuri, na nyama aipike hadi iive kabisa, kwa sababu nyama isiyoiva nayo huambukiza. Mwambie aulize kliniki ya wajawazito. Atawaamini wao kuliko mwenye paka.

Morogoro: Paka wangu mweusi. Ameonekana juu ya bati la jirani saa nane usiku, sasa watu wanasema mambo.

Usikae kubishana kuhusu uchawi, hutashinda. Mlaze ndani kila usiku, mvalishe mkanda mwekundu, na mchana mwite kwa jina kwa sauti watoto wa mtaa walizoee. Ukiona vitisho, hapo sasa zungumza na mjumbe.

Ilala: Jirani anatega sumu ya panya. Hana nia mbaya. Kuna hatari?

Ipo, kubwa. Paka akila panya aliyekufa kwa sumu naye anaweza kudhurika. Sumu nyingi za kiwandani huzuia damu kuganda, na dalili huja baada ya siku kadhaa: ufizi mweupe, unyonge, damu puani. Daktari ana vitamini K, maziwa hayasaidii. Zile za vipakiti visivyo na lebo zinaweza kuua upesi zaidi, kwa mtetemo na mate mengi. Muombe jirani atumie mtego na agharimie nusu, wewe nusu. Huyu hana nia mbaya, basi usimtajie sheria. Anayetega makusudi kuua paka wa watu, huyo ajue kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Mombasa: Dawa ya kupe ya mbwa naweza kumpaka paka kabla hajatoka?

La. Nyingi zina pemethrini, na hiyo humuua paka. Nunua iliyoandikwa paka.

Kisauni: Tumehama mtaa wa pili tu. Nikimfungulia atarudi nyumba ya zamani?

Anaweza kabisa, kwa umbali huo. Mweke ndani wiki mbili hadi tatu, kisha anza upya Hatua ya 5. Waombe wapangaji wapya wasimpe chakula hata akilia vipi, wakupigie simu umfuate.