Jinsi ya kusoma utafiti mpya kuhusu jamii za Kiislamu

Nafundisha historia hapa Magomeni. Mwanafunzi akiniletea kitabu kipya kuhusu Waislamu, namwambia aanze na ramani na faharasa: mwandishi amefika wapi? Msomi wa Uislamu Shahab Ahmed, katika kitabu chake What Is Islam? cha 2016, anajenga hoja juu ya nchi za kuanzia Balkan, kusini-mashariki mwa Ulaya, hadi Bengal, mashariki mwa Bara Hindi, kati ya 1350 na 1850. Ni kazi nzito na naipenda, kwa sababu inathubutu kuweka mashairi, falsafa na utasawufi katikati ya dini. Lakini Kilwa na Lamu ziko nje ya mpaka huo, basi usihamishie hitimisho lake pwani kwetu bila kulipima.

Kisha msome mwanahistoria Anne Bang, aliyechunguza maisha ya Sheikh Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Komoro aliyekuwa kadhi Unguja hadi alipofariki 1925. Hapo kaa sana. Chunguza ushahidi: barua, ijaza (idhini ya mwalimu kwa mwanafunzi kufundisha alichosoma), nani alisoma kwa nani.

Halafu mwendee mzee wa mtaani kwako anayesoma Maulidi ya Barzanji. Mwamkie, muulize alisoma kwa nani, na mwalimu wake kwa nani. Andika majina, uyalinganishe na ya kitabuni.