Mchanga wa misitu ya Berlin: punguza upepo wa tairi kwanza

Kwa mlioko Berlin au mnaokuja na mnataka kuzunguka na baiskeli ya graveli (ile ya njia za kokoto na vumbi) kule Grunewald mpaka maziwa ya Wannsee, msitu mzuri sana ila chini ni mchanga, na ukiwa na tairi nyembamba lililojazwa upepo kama la barabarani tairi la mbele linazama tu na wewe unaenda chini. Weka tairi za milimita 40 au zaidi, upepo shusha, mtu wa kilo 70 hivi aanze na baa 2 mpaka 2.5 (baa ni kipimo cha upepo kwenye pampu), ukiona rimu inagonga kwenye mizizi ongeza kidogo (na mizizi ya misonobari kule haina huruma jamani).

Ukiuona mchanga mbele shusha gia KABLA hujaingia, rudisha uzito nyuma, mikono ilegee, kanyaga bila kusimama, breki ya mbele usiiguse wala usikate kona ghafla. Siku moja baada ya mvua ndo raha yenyewe maana mchanga unashikana, kiangazi kikikaa sana bora ushuke usukume.

Pale ziwa Schlachtensee wikendi watu wa miguu na mbwa wamejaa, mi naona heri kupita asubuhi mapema. Ukichoka panda treni ya S1 au S7 pale Wannsee, ila baiskeli nayo inakatiwa tiketi yake, usijesahau.